Jina Moja, Tahajia Nyingi: Mwongozo wa Kufuatilia Nasaba Magharibi mwa Kenya

Mtu anayemtafuta babu yake katika daftari za kale za Kisumu, Kakamega, Kericho au Nakuru mara nyingi hukwama ilhali kumbukumbu zipo. Jina analolitafuta limo, lakini limeandikwa kwa namna ambayo hakuitarajia. Karani wa kodi wa mwaka 1920 hakuwa na cheti cha kunakili. Aliisikia sauti ya mtu aliyesimama mbele ya meza yake, akaiweka katika herufi za lugha aliyoizoea, na miaka kumi baadaye karani mwingine akaisikia vingine. Kwa sababu hiyo, tahajia zinazolingana hazithibitishi kwamba watu wawili ni mmoja, na tahajia zinazotofautiana hazithibitishi kwamba ni wawili. Ushahidi hutoka katika mambo yanayomzunguka mtu, yaani kijiji, ukoo, rika, wake, watoto na majirani, na hatua zilizo hapa chini zinalenga kukufikisha kwenye mambo hayo.

Hatua ya kwanza: Lisikie jina kabla ya kulisoma

Anza kwa wazee walio hai, na uanze mapema, kwa kuwa daftari litangoja lakini mzee hatangoja. Mwombe dani, kukhu au kogo (yaani bibi, kwa Kiluo, Kiluhya au Kikalenjin) alitamke jina kamili la marehemu kwa sauti yake mwenyewe, na kwa idhini yake uirekodi sauti hiyo kwa simu. Usimwonyeshe kwanza jina lililoandikwa, maana mtu akishaona herufi huanza kulitamka jina kama lilivyoandikwa, na sauti ya asili, ambayo ndiyo uliyoijia, hupotea.

Uliza majina yote ambayo mtu huyo aliwahi kuitwa: jina la utotoni, jina la ubatizo, jina la sifa (Waluo huyaita pakruok), jina aliloitwa na wazungu shambani au kwenye reli, na jina alilojiita baada ya kuhama. Uliza pia ukoo na mlango, mama aliyemzaa katika boma la wake wengi, na chifu aliyetawala wakati huo. Majibu haya yataonekana kuwa ya ziada siku unapoyaandika, lakini katika hatua ya sita ndiyo yatakayoamua kila kitu.

Hatua ya pili: Tenganisha jina la mtu na jina la baba yake

Programu nyingi za nasaba zilitengenezwa na watu ambao kwao jina la mwisho hurithiwa bila kubadilika kwa karne kadhaa. Kwetu desturi hiyo ni ngeni, na mtu asiyelizingatia jambo hili atatafuta tahajia tofauti za jina ambalo kizazi cha nyuma hakikuwa nalo kabisa.

Kwa Wakalenjin, kijana aliyepashwa tohara alichukua jina la baba yake likitanguliwa na neno arap, na kiambishi Kip kikaondolewa. Kiprotich arap Korir akimzaa Kiplagat, mwana huyo ataitwa Kiplagat arap Rotich. Naye akimzaa Kibet, huyo ataitwa Kibet arap Lagat. Vizazi vitatu vimetoa majina matatu ya mwisho, na hakuna hata moja lililokosewa. Anayetafuta kina Lagat tu hatamwona babu, kwa kuwa babu ni Korir.

Kwa Waluo, majina mengi hufuata saa au hali ya kuzaliwa, na mtoto wa kike hupata umbo lenye A pale wa kiume anapopata O: Otieno na Atieno, Okoth na Akoth, Odhiambo na Adhiambo, Onyango na Anyango. Jina la pili kwa desturi ni la baba, lakini baada ya shule na ajira kuenea baadhi ya familia zililigandisha jina la babu. Familia ya Kogelo inayojulikana duniani kote ni mfano mzuri. Hussein Onyango alikuwa mwana wa Obama, na mwanawe, Barack Obama aliyekwenda kusoma Marekani (baba wa rais wa zamani wa nchi hiyo), alitumia jina la babu yake, wala si Onyango. Mtafiti anayedhani kwamba jina la mwisho la mwana ni jina la kwanza la baba atamruka Onyango na kuunganisha vizazi visivyofuatana.

Miongoni mwa Wabukusu na majirani zao, viambishi Wa na Na hutenganisha wanaume na wanawake: Wafula na Nafula, Wekesa na Nekesa, Wanjala na Nanjala. Hapa kuna hatari ambayo watu wengi hawaioni. Katika mwandiko wa mkono wa zamani, herufi kubwa W na N zinaweza kufanana, na mnukuzi asiyeijua lugha anaweza kumgeuza shangazi kuwa ami. Vivyo hivyo O na A katika majina ya Kiluo. Ukiona mwanamume mwenye jina la kike, rudi kwenye picha ya ukurasa wenyewe kabla ya kukubali unukuzi.

Jina la ubatizo nalo halitabiriki. Jaramogi Oginga Odinga alibatizwa Obadiah Adonijah na baadaye akayaacha majina hayo, kwa hiyo anayetafuta kumbukumbu za ujana wa mtu wa kizazi hicho hana budi kutafuta kwa majina yote mawili, la ubatizo na la nyumbani.

Hatua ya tatu: Tayarisha orodha ya tahajia kwa kufuata sauti

Usibuni tahajia ovyo. Chukua jina moja, lisikilize katika ile rekodi, kisha ujiulize ni sauti ipi katika jina hilo ambayo mgeni angeshindwa kuisikia au kuiandika.

Katika Kiluo, sauti za dh na th ndizo zinazosumbua zaidi. Odhiambo hupatikana kama Odiambo na Othiambo, na Okoth kama Okot au Okoti. Kuvuka kidogo tu hadi kwa Wasamia wa Busia, jina hilohilo la aliyezaliwa jioni huwa Ojiambo na Ajiambo, na hilo ni jina halali la watu wa huko, si kosa la karani. Sauti ya w iliyo kando ya irabu huandikwa au kuachwa: Owuor, Owour na Ouor; Oduor na Odwor; Ojwang' na Ojuang. Konsonanti hurudufishwa kwa mapenzi ya mwandishi: Okelo na Okello, Omolo na Omollo, Ogola na Ogolla. Opiyo huwa Opio.

Katika lugha za Kiluhya, l na r hubadilishana kutoka eneo hadi eneo. Anayeitwa Wabwile Bungoma ana wajina wake anayeitwa Wabwire Busia. Barasa anaweza kuwa Balasa, na sauti laini ya b huandikwa v au hata p, ndiyo maana majina ya koo zenyewe hubadilika: Wanyore huonekana kama Abanyole, Banyore na Avanyole. Sauti ya kh huwatatiza wageni wote, hivyo Makokha huwa Makoka au Makoha, na Khaemba huwa Kaemba au Haemba. K na g nazo hupishana, kwa mfano Wekesa na Wegesa.

Kwa Wakalenjin, angalia kwanza Ch na J mwanzoni mwa majina ya kike: Chepkosgei na Jepkosgei, Cherono na Jerono. Wakipsigis huelekea Ch, Wanandi huelekea J, na msichana aliyeolewa upande mwingine anaweza kuandikwa kwa umbo la ukweni. Halafu kuna sg na sk, pamoja na i na y mwishoni, kwa hiyo Kosgei, Kosgey, Koskei na Koskey ni jina moja. Ruto na Rutto, Bet na Bett, hizi ni rahisi. Lang'at inahitaji uangalifu zaidi, kwani huandikwa Langat bila ritifaa (alama ya '), au hukaribia Lagat, ambalo kwa familia nyingine ni jina jingine kabisa.

Kigusii kina irabu saba lakini huandikwa kwa herufi tano, kwa hiyo e na i, o na u hupishana katika mikono ya wageni: Moraa na Muraa, Bosire na Busire. Wakikuyu wengi wa Nakuru wana tatizo la aina hiyohiyo, kwa sababu alama zilizo juu ya ĩ na ũ huachwa, na katika maandishi ya zamani irabu hizo ziliandikwa e na o, Wanjiku akawa Wanjiko.

Ritifaa ya ng' inastahili mstari wake katika orodha yako. Kwenye faharasa za kompyuta huweza kufutwa, kugeuzwa kuwa nafasi, au kuhamishwa, hivyo Nyang'oro hupatikana kama Nyangoro, Nyang oro na Nyan'goro. Mwisho, karani aliyezoea Kiswahili aliweza kuongeza irabu mwishoni mwa jina linaloishia kwa konsonanti, basi weka Kibeti na Rotichi katika orodha hata kama hujawahi kuyaona.

Orodha ikifika tahajia ishirini, usishtuke. Zipange kwa uwezekano, ukianza na zile zinazobadilisha sauti moja tu.

Hatua ya nne: Mjue aliyeandika

Tahajia ileile huwa na maana tofauti kulingana na mkono ulioiandika, na kwa maoni yangu hatua hii hurukwa kuliko zote, ingawa ndiyo inayopunguza kazi. Misheni ya Kaimosi ilianzishwa mwaka 1902 na Wakweka (Wakristo wa dhehebu la Quakers) kutoka Marekani. Maseno ilianzishwa mwaka 1906 na Waanglikana wa Uingereza. Mapadri wa Mill Hill, shirika la wamisionari Wakatoliki, waliofanya kazi Kisumu na Mumias wengi wao walitoka Uholanzi, Uingereza na Tirol. Mholanzi hutumia j kwa sauti ya y na oe kwa sauti ya u, kwa hiyo katika daftari lake tafuta hata Onjango. Daftari za ubatizo za Kikatoliki ziliandikwa kwa Kilatini, ambamo Yohana ni Joannes, Yosefu ni Josephus, na neno filius humaanisha mwana wa. Upande wa Waprotestanti, majina yalifuata Biblia ya lugha ya mahali au ya Kiswahili: Yohana, Johana, Zakayo, Daudi. Kiluo hakina sauti ya z, hivyo Zakayo huweza kuwa Sakayo.

Majina ya mahali na makabila nayo yana tahajia na historia yake. Hadi mwaka 1902 eneo la magharibi lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Wilaya za Kavirondo ya Kaskazini, Kati na Kusini zilipewa jina la Nyanza baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1940. Kisumu yenyewe iliitwa Port Florence wakati reli ilipofika ziwani mwaka 1901. Neno Kavirondo lilitumiwa kwa Waluo na Waluhya pamoja, Wabukusu waliandikwa Kitosh, Wakipsigis wakaandikwa Lumbwa, na Wakeiyo wakaandikwa Elgeyo. Mfanyakazi wa shamba la Nakuru aliyeandikwa Kavirondo anaweza kuwa mtu wa Siaya au wa Vihiga, na usimkate katika orodha yako kwa sababu ya neno hilo. Hata mji wa Mumias ni jina la Nabongo (mfalme wa Wawanga) Mumia lililoongezewa s.

Hatua ya tano: Tafuta kwa mpangilio

Fahamu kwanza nini kingeweza kuwepo. Sheria ya kipande (kitambulisho cha enzi ya ukoloni) ilipitishwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikawahusu wanaume Waafrika kuanzia umri wa miaka 16. Bibi yako hatakuwamo. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo kwa Waafrika ulianza kwa awamu mwaka 1963 na ukaenea nchi nzima mwaka 1971, basi kwa mtu aliyezaliwa kabla ya hapo daftari la kanisa huwa na uzito kuliko cheti cha serikali kilichotolewa baadaye kwa maneno ya mdomo.

Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa iko Moi Avenue, Nairobi, na ina vituo katika miji ya mikoani ikiwemo Kisumu, Nakuru na Kakamega. Ukifika, usitafute jina la mtu kwenye faharasa, kwa kuwa faharasa hizo zimepangwa kwa ofisi na mada. Omba majalada ya wilaya na ya tarafa ya chifu husika, kisha uyasome ukurasa kwa ukurasa ukiwa na orodha yako ya tahajia mezani. Kazi hii ni ya polepole, na haina njia ya mkato.

Gazeti Rasmi la Serikali, linalotolewa tangu mwaka 1899, ni hazina ambayo wengi hawaitumii. Matoleo mengi yanasomeka bure kwenye intaneti, na yana matangazo ya mirathi, ya hatimiliki zilizopotea na ya mabadiliko ya majina. Matangazo ya mirathi mara nyingi hutaja tahajia mbili au tatu za marehemu mmoja zikiunganishwa na neno alias (yaani aliyeitwa pia), jambo ambalo familia yenyewe imelithibitisha mbele ya mahakama. Humo pia utakutana na vifupisho s/o, d/o na w/o, yaani mwana wa, binti wa na mke wa. Kumbuka kwamba jina lenye arap linaweza kupangwa chini ya A, na lenye wa chini ya W, kwa hiyo angalia sehemu zote mbili.

Kwenye tovuti kama FamilySearch, ambayo ni ya bure, alama ya nyota husimama badala ya herufi yoyote au kadhaa, na alama ya kuuliza husimama badala ya herufi moja. Ukiandika O*iambo utapata Odhiambo, Odiambo, Othiambo na Ojiambo kwa mara moja, Kos?e? italeta Kosgei, Kosgey, Koskei na Koskey. Usitegemee mifumo inayodai kutafuta kwa sauti. Ule unaojulikana zaidi, Soundex, ulipewa hataza Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya majina ya huko, nao huihifadhi herufi ya kwanza kama ilivyo na kuzipa l na r tarakimu tofauti. Kila jina hupewa msimbo wa herufi moja na tarakimu tatu: Wekesa na Wegesa huangukia W220 pamoja, lakini Barasa ni B620 na Balasa ni B420, hivyo mfumo utakuambia hawahusiani. Chepkosgei na Jepkosgei hawatakutana kamwe.

Hatua ya sita: Thibitisha kwamba ni mtu mmoja

Chukua mfano wa kubuni. Daftari la ubatizo la mwaka 1931 lina Joannes Odiambo, filius Ouor. Sajili ya ardhi ya miaka ya 1970 ina Othiambo Owour. Tangazo la mirathi la mwaka 1989 lina Johana Odhiambo Owuor. Kwa sauti, majina haya ni mamoja, na mtafiti mwenye haraka atafunga jalada hapo. Lakini Odhiambo ni jina la kila mvulana aliyezaliwa jioni, na katika kata moja wanaweza kuwapo wanaume kadhaa wenye jina hilo ambao baba zao walizaliwa usiku na kuitwa Owuor. Jina la kawaida halina uzito mkubwa kama ushahidi, hata tahajia ikilingana herufi kwa herufi.

Kwa hiyo tafuta walau mambo matatu yasiyo jina yanayolingana. Je, kipande cha ardhi kiko katika kijiji kilichotajwa kwenye ubatizo? Je, mke aliyetajwa katika mirathi ndiye aliyesimama naye kwenye daftari la ndoa? Je, mpaka wa shamba unapakana na ndugu ambao mzee aliwataja katika hatua ya kwanza? Wadhamini wa ubatizo ni msaada mkubwa, kwa kuwa mara nyingi walikuwa jamaa au majirani.

Baada ya kupata yanayolingana, tafuta kwa makusudi jambo linaloweza kuvunja hoja yako. Rika hufanya kazi hii vizuri. Miongoni mwa Wanandi, rika (ibinda) hudumu takriban miaka 15, na baba na mwana hawawezi kuwa wa rika moja. Ukimkuta arap Rotich wa rika la Nyongi na unayedhani ni baba yake naye ni wa Nyongi, umekosa mtu. Wabukusu wana mfumo unaofanana na hupasha tohara katika miaka inayogawanyika kwa mbili, jambo linalosaidia kukisia mwaka wa kuzaliwa. Tahadhari tu kwamba majina ya marika yenyewe yana maumbo mawili: Sawe wa Wanandi ni Sawa wa Wabukusu, Chumo ni Chuma, na Nyongi ni Nyange.

Ikiwa ushahidi hautoshi, mwache mtu huyo pembeni akiwa na alama ya kuuliza. Kuunganisha ukoo kwa kubahatisha ni kosa zito, hasa pale ambapo ardhi na urithi vimo ndani yake, kwa sababu mti wa ukoo ulioandikwa vizuri huaminiwa na watu ambao hawakuona ulivyojengwa.

Hatua ya saba: Andika bila kusahihisha

Nakili kila jina kama lilivyo katika waraka, pamoja na makosa yake yote, nafasi zake na herufi zake kubwa. Kando yake weka umbo moja uliloamua kulitumia katika mti wa ukoo, na ni vyema liwe lile ambalo familia hulitamka leo. Usimbadilishie marehemu jina kwenye nakala ya hati. Kama tofauti ya majina inazuia shauri la urithi au uhamisho wa ardhi, njia yake ni hati ya kiapo iliyotiwa saini mbele ya wakili pamoja na barua ya chifu, na nakala za nyaraka ulizokusanya zitakuwa msaada mkubwa kwa wakili huyo.

Weka pia daftari la mahali ulipotafuta bila kupata: jina la parokia au jalada, miaka uliyosoma, tahajia ulizojaribu na zile ambazo hukuzijaribu. Binamu atakayeendelea na kazi hii akigundua kwamba familia ya mama wa babu ilitoka Samia, ataweza kurudi kwenye daftari lilelile akitafuta Ojiambo, badala ya kudhani kwamba ulishalimaliza.